Mgeni siku ya tatu: Croisée, Heidi, Marco au Emma?

Likizo ya Desemba binti wa dada yangu alikuja kwangu Tanga na ombi. "Mjomba, nimechoka na anime, hizi katuni za Kijapani, za mapanga. Nitafutie ya taratibu, ya zamani, mtu yuko ugenini, na asife mtu kila dakika tano." Hilo la mwisho lilinipa shida kidogo, maana karne ya 19 watu walikufa sana. Hata hivyo nilimtolea nne, nikaanza kumweleza zinavyotofautiana. Mama Mkubwa alikuwa uani anakuna nazi, akadakia: "Hao wote wageni? Basi sema nani alipewa jembe, na siku ya ngapi."

Nilicheka, kisha nikaona swali lake limenishinda maelezo yote niliyokuwa nimeyapanga. Methali tunaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. (Ule wimbo wa kale unaoanza na mchele na panza humvumilia mgeni hadi siku ya nne, wahenga nao kalenda iliwatatiza.) Mama Mkubwa alikaa Muscat miaka sita akifanya kazi za ndani, na habari ya mgeni, kazi na sahani ya chakula anaijua kwa mikono yake. Kwa hiyo nazipanga hizi nne kwa swali lake.

Kwanza tuzitambue.

Ikoku Meiro no Croisée ni ya mwaka 2011, imetengenezwa na studio ya Satelight chini ya mwongozaji Kenji Yasuda, ina sehemu 12. Yune, msichana mdogo wa Nagasaki, anafika Paris mwishoni mwa karne ya 19 akifuatana na mzee Oscar Claudel. Wanafikia kwenye duka la familia ya mzee, linalotengeneza vibao vya chuma vya kutundika juu ya milango ya maduka. Duka linaendeshwa na mjukuu wake, Claude, kijana mwenye mikono mizuri na mdomo mkali. Jengo lenyewe ni ujia wenye paa la kioo na maduka pande zote mbili, nalo limeanza kupoteza wateja.

Heidi ni ya mwaka 1974, sehemu 52. Mwongozaji ni Isao Takahata, Hayao Miyazaki alipanga mandhari na mkao wa kila picha, na wahusika walichorwa na Yoichi Kotabe. Mtoto yatima anapelekwa kwa babu yake mlimani Uswisi, anapazoea, kisha anang'olewa na kupelekwa Frankfurt, Ujerumani, akamliwaze msichana tajiri anayetumia kiti cha magurudumu.

Ya Marco, ambayo jina lake la Kijapani ni Haha wo Tazunete Sanzenri, ni ya mwaka 1976, tena ya Takahata, tena sehemu 52. Mama anaondoka Genoa, Italia, kwenda Argentina kufanya kazi za ndani. Barua zinakatika. Mtoto wake anavuka bahari kumtafuta.

Emma ina misimu miwili, wa 2005 na wa 2007, kila mmoja sehemu 12, kutokana na manga, yaani kitabu cha katuni, ya Kaoru Mori. London ya miaka ya 1890. Mfanyakazi wa ndani na mtoto wa mfanyabiashara tajiri wanapendana, na kila mtu aliyewazunguka anajua kwamba haiwezekani.

Haya, tulete jembe.

Yune hakusubiri siku ya tatu. Amefika tu, anataka kazi: afagie, apokee wateja, afanye chochote. Wajapani wana msemo kanban musume, yaani binti wa kibao, kwa msichana wa dukani ambaye sura na ukarimu wake vinavuta wateja. Sasa mweke kwenye duka linalotengeneza vibao hasa, mzaha unajikamilisha wenyewe. Claude ndiye asiyetaka kumpa jembe. Anamwona mtoto, mzigo ambao babu kaubeba kutoka safarini kama wanavyobeba watalii vinyago. Sehemu za mwanzo zote ni mvutano huo. Mgeni analilia kazi kwa sababu kwao mtu hali bure. Mwenyeji anamnyima, na pengine kwa wema, kwa sababu kwake mtoto anayejituma hivyo ni mtoto aliyeonewa mahali. Kila mmoja ana adabu ya kwao na kila mmoja anamuudhi mwenzake kwa adabu hiyohiyo. Mimi hapo ndipo nilipoipenda.

Heidi ni kinyume. Mlimani ana jembe tangu asubuhi: anakwenda na mbuzi malishoni, anatazama babu akitengeneza jibini, analala juu ya nyasi kavu alizozitandika mwenyewe. Frankfurt wanamvua kila kazi. Kuna wa kumvalisha, wa kumfungulia mlango, wa kumwambia akae vipi mezani. Bi Rottenmeier, msimamizi wa nyumba ile, anamwita Adelheid kwa kuwa Heidi si jina la ubatizo, na mtoto anabaki kugeuka nyuma aone anaitwa nani. Anapanda mnara wa kanisa ili aone milima, anaona mapaa tu. Mwisho anaumwa, anatembea usingizini, na wakubwa wenye akili timamu wanadhani nyumba ina mzimu. Takahata hakuharakisha hata hatua moja ya ugonjwa huo. Hapa mgeni amekaribishwa kwa sufuria zote za nyumba na bado anakwisha, kwa sababu hakuna aliyempa la kufanya kwa mikono.

Nilipomsimulia Mama Mkubwa hapo, alisema tu, "Huyo angepewa hata mchicha achambue."

Marco, yeye na mama yake wanalifuata jembe. Wataliano wengi mno walivuka kwenda Argentina miaka ile. Mama wa Marco ni mmoja katika msafara mrefu wa watu waliosikia kwamba ng'ambo kuna mshahara. Baba yake anaendesha zahanati ya maskini huko Genoa, ana madeni, na wema wake ndio unaomsafirisha mkewe. Sijaona anime nyingine iliyo tayari kusema hivyo: kwamba mzee mwema asiyedai malipo, kuna mtu nyumbani kwake anayelipa badala yake. Marco anamkasirikia baba, anamkasirikia mama, anatafuta vibarua vya kuosha chupa ili atume pesa. Kwetu hadithi hii haihitaji maelezo. Kila mtaa wa Tanga au Mombasa una mtoto aliyelelewa na bibi kwa sababu mama yuko Uarabuni.

Emma naye alizaliwa na jembe mkononi. Ugenini kwake ni ng'ambo ya mlango wa sebule. London ileile, lugha ileile, mvua ileile, lakini mtumishi ana ngazi zake za nyuma na bwana ana zake za mbele, na mtu anaweza kuishi miaka ishirini bila kukanyaga zisizo zake. Kama wewe unataka anime ya "tofauti za tamaduni" na umechoka na kimono na mnara wa Paris, hapa utaonyeshwa tamaduni mbili ndani ya nyumba moja. Na waandishi wamefanya jambo la werevu: wamemleta Hakim, mwana wa mfalme kutoka India, rafiki wa William, yule mtoto wa tajiri anayempenda Emma; Hakim anashuka London na tembo wake. Mgeni wa mbali kuliko wote ndiye asiyeelewa tatizo liko wapi. Unampenda, anakupenda, mnangoja nini? Waingereza wanabaki kumtazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowanisha.

Ukishindwa kuchagua kwa jembe, chagua kwa jibini.

Sitanii. Anime hizi zina jibini kuliko duka la mtoto wa Kihindi pale barabara kuu. Katika Heidi, babu anachoma kipande kwa moto wa kuni, upande mmoja unalainika, unageuka rangi ya dhahabu, unaanza kuchuruzika, naye anaupakaza juu ya mkate. Watu wazima wa Japani, Hispania na Ujerumani waliotazama wakiwa wadogo bado wanaizungumzia picha hiyo, na nadhani wengine walikua wakiitafuta ladha ile bila kuipata, kwa sababu waliitamani kabla hawajaijua. Jibini ya Heidi ni nyumbani.

Jibini ya Yune ni mtihani. Analetewa mezani, harufu inamfikia kabla ya sahani, na unaona kwenye mabega yake jinsi anavyojikaza. Anakula. Anatabasamu. Tabasamu lile mtu yeyote aliyewahi kuwekewa ugenini chakula asichokijua, mwenyeji amesimama anamwangalia, atalitambua. Na huku mwenyeji naye akipikiwa vya Kijapani hana uhodari wowote. Supu yenye rangi ya mchuzi wa soya inamtazama naye anaitazama. Sehemu hiyo ni ya kuchekesha kwa namna ya chini chini, na haimalizii na mtu yeyote kuipenda ghafla ladha ya mwenzake. Wanafika mahali pa kuambiana: usijilazimishe. Nimekaa nikafikiri ni sentensi chache ambazo mwenyeji humwambia mgeni zina heshima kuliko hiyo.

Heidi akiwa Frankfurt chakula chake ni mikate. Mikate midogo myeupe, laini, ambayo mlimani haipo. Bibi yake Peter, yule mvulana mchunga mbuzi wa mlimani, ni kipofu, meno yamekwisha, hawezi kutafuna mkate mweusi mgumu. Basi mtoto anaficha mkate mmoja mmoja kabatini, kila mlo, siku baada ya siku, ampelekee. Haelewi kwamba mkate hukauka. Siku kabati linafunguliwa, Bi Rottenmeier anaona uchafu na anaamuru itupwe. Binti wa dada yangu alisimamisha video hapo akatoka nje kidogo. Alisema anakwenda kuangalia kama kuku wamefungiwa.

Nguo pia ni njia nzuri ya kuzipima. Heidi anapelekwa kwa babu amevaa nguo zake zote moja juu ya nyingine, kwa sababu shangazi Dete hataki kubeba begi. Jua kali, mtoto amevimba kama mto. Katikati ya kilima anaanza kuvua, moja baada ya nyingine, na viatu, anabaki na nguo ya ndani na kukimbia na mbuzi. Dakika chache tu hizo, na umeshajua kila kitu cha miezi ijayo.

Yune anaharibu kibao cha duka kwa bahati mbaya, anakwenda kwenye mizigo yake, anatoa kimono cha thamani alichokuja nacho kutoka kwao na kukitoa kuwa malipo. Claude anapokea kama mtu anayepokea kitambaa. Anakiuza. Baadaye ndipo anaelewa alichokiuza. Ukitaka kupima uzito wa jambo hilo, fikiria binti amekuja kwako kutoka kijijini, amevunja sahani, akafungua sanduku na kukupa doti ya kanga ambayo mama yake aliiweka bila kuivaa, nawe ukaifanya tambara. Hujaiba. Hujamdanganya. Umeshindwa tu kusoma. Sehemu kadhaa zinazofuata Claude anaishi na aibu hiyo, na aibu ndiyo inayomfanya aanze kuuliza maswali. Kimono chenyewe kinaangukia kwa Alice Blanche, msichana wa familia tajiri anayependa kila kitu cha Kijapani na angependa kumpata Yune pia, amweke nyumbani pamoja na vyombo vyake.

Alice si mtu mbaya, na wala si mhusika wa kubuniwa kutoka hewani. Japani ilikuwa imezuia karibu biashara yote ya nje kwa zaidi ya miaka mia mbili, isipokuwa Waholanzi na Wachina kupitia Nagasaki, hadi ilipofunguliwa miaka ya 1850. Vitu vyake vilipoonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1867, na tena 1878, mji uliingia kichaa: feni za mkono, vyombo vya udongo, picha za kuchapwa kwa mbao. Kwa hiyo Yune wa Nagasaki anatembea Paris ambayo tayari inazo picha za watu waliovaa kama yeye ukutani, na haijawahi kumuuliza mmoja wao jina.

Na wakati huohuo, tukisema ukweli, hata kwetu kulikuwa na wa kwetu huko. Binti wa Sultani wa Zanzibar, Sayyida Salme, aliondoka kisiwani mwaka 1866 na mwaka uliofuata alikuwa Hamburg, ameolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete, kwenye baridi na lugha asizozijua. Mumewe alifariki mwaka 1870. Nikitazama Heidi akigeuka nyuma kuona Adelheid ni nani, namfikiria Salme akiitikia Emily, jina alilopewa alipobatizwa. Bado nangoja mtu amchore.

Upande wa Emma, nguo ni miwani na leso. Miwani ya Emma alinunuliwa na Bi Kelly Stownar, mwalimu mstaafu aliyemwokota, akamfundisha kusoma. William anataka kumnunulia mpya, nzuri zaidi, ndiyo njia ya tajiri ya kuanza mazungumzo. Anakataa, kwa upole, akieleza tu ilikotoka. Kijana anarudi kufikiri upya na kuleta leso yenye lesi. Anime nzima imetengenezwa kwa vitu vya ukubwa huo. Kuna ziara ya jumba lile kubwa la vioo lililojengwa kwa maonyesho ya London ya mwaka 1851, likahamishiwa Sydenham, likaja kuungua mwaka 1936. Wawili hao wakitembea humo unajua kwamba hakuna hata kioo kimoja kilichobaki. Mori alifanya utafiti wa kuchosha, hadi vifungo na mishumaa, na mtu anayependa kujua zamani ilifuliwaje na kupigwaje pasi atashiba.

Sasa mabaya yake, maana muuzaji anayesifu tu mwogope.

Croisée ina kasoro moja kubwa: Yune ni mzuri mno. Hakasiriki. Hachoki. Akikosea, anakosea kwa adabu. Kuna wakati unatamani apige mlango kwa nguvu hata mara moja. Mgeni wa kweli, hata mtoto, siku ya tano hununa. Japani inayoonekana kupitia kwake imepigwa pasi, na ukizingatia kwamba walioichora ni Wajapani wenyewe, inakuwa kama mtu anayejisifu kwa kujifanya mnyenyekevu. Sauti zote ni za Kijapani pia, hata wanapotakiwa kuwa wanaongea Kifaransa, hivyo kizuizi cha lugha unakisikia kidogo kuliko inavyopasa. Tena haina mwisho uliofungwa. Manga yake ya Hinata Takeda ilibaki bila kukamilika, naye mwandishi alifariki mwaka 2017. Ukimaliza sehemu ya 12, umemaliza.

Kinachoiokoa ni kwamba Claude ananuna kwa niaba ya wote wawili, na kwamba nyuma yao kuna jambo la kweli linaendelea. Zile njia zenye paa la kioo zilijengwa Paris hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Watu walikwepa tope na mvua humo, wakatazama bidhaa kwa mwanga wa gesi. Kisha baada ya 1853 mji ukabomolewa na kupanuliwa barabara, na maduka makubwa ya ghorofa kama Le Bon Marché yakaanza kuuza kila kitu chini ya paa moja kwa bei iliyoandikwa. Familia ya Alice ndiyo yenye duka kubwa la aina hiyo. Fundi wa vibao anayetengeneza kimoja kwa wiki anawatazama wateja wakipita. Mwenye duka la rejareja aliyefunguliwa supamaketi ng'ambo ya barabara hatahitaji kutafsiriwa chochote hapo.

Heidi kasoro yake ni umri wa michoro: 1974 ni 1974, rangi zimechoka na picha nyingine zinarudiwa. Na sehemu za mlimani, hasa zile za mwanzo, ziko taratibu kiasi kwamba mbuzi akila majani, unamtazama mpaka amalize. Mimi napenda. Mtoto aliyezoea video za sekunde kumi na tano atakuomba rimoti. Nikitaja pia mbwa mkubwa Josef, mjue hayumo kwenye hadithi ya asili ya Johanna Spyri. Waliongeza Wajapani, na walifanya vema.

Marco ni nzito. Niseme wazi. Inahesabiwa kuwa ya watoto, na upole upo, nyani Amedio yupo, familia ya wacheza vibaragosi ya Peppino ipo, lakini inachukua zaidi ya sehemu kumi kabla mtoto hajaondoka Genoa, na baada ya hapo kila akikaribia, mama amehamishwa mji mwingine: Buenos Aires, Bahía Blanca, Córdoba, Tucumán. Ni anime ya kufika umechelewa. Ila ndani yake ndimo mna wenyeji bora kuliko wa zote nne. Huko Rosario, Wataliano maskini kwenye mgahawa wanamchangia nauli mtoto wasiyemjua, sarafu juu ya meza, kwa kuwa anaongea kama kwao. Na Córdoba anapokewa na Pablo, kijana wa asili ya wenyeji wa nchi ile, ambaye hana hata cha kula mwenyewe.

Emma, msimu wa kwanza ni mtulivu kama chai ya saa kumi. Msimu wa pili, uliotengenezwa na studio tofauti, una mtikisiko ambao kwangu ulivuka kipimo. Wabaya wanakuwa wabaya kama wa tamthilia. Vumilia, unarudi mstarini.

Kuhusu muda na bando: Croisée ni chini ya saa tano zote, jioni mbili za Jumamosi na Jumapili. Emma ni mara mbili ya hapo. Heidi na Marco kila moja ni zaidi ya saa ishirini, na kwa bei ya data usianze bila kujipanga. Manukuu ya Kiswahili sijayaona kwa yoyote, Kiingereza yapo. Waliokulia Omani na Ghuba wana bahati nyingine: Heidi na Marco zilitiwa sauti za Kiarabu, na mtu wa miaka arobaini wa huko ukimtajia Wadaan Marco, anaweza kukuimbia.

Kama unachagua ya kutazama na mtoto wa miaka sita hadi kumi, Heidi, bila majadiliano, na ukae naye zinapofika sehemu za Frankfurt. Kama una siku mbili tu na kichwa kimechoka, Croisée. Mtu aliyewahi kuhamia mji mwingine kwa masomo au ndoa ataipata Croisée vizuri zaidi kuliko aliyekaa kwao. Unapenda mapenzi yasiyosemwa na unaweza kusubiri sehemu saba ili watu washikane mikono? Emma. Marco sitampendekezea mtu ambaye mama yake yuko mbali kwa sasa. Amngoje arudi kwanza.

Hilo la mwisho nilijifunza sebuleni kwangu. Binti alichagua Marco kwa ukaidi, na Mama Mkubwa akaja kukaa nyuma yetu na ungo wake wa mchele, hajui Kijapani, Kiingereza cha manukuu hakisomi haraka. Nikawa namtafsiria. Ilipofika mahali barua za mama zimekatika na Marco anasema mama amewasahau, nilitafsiri hivyohivyo. Mkono wa Mama Mkubwa ukasimama juu ya mchele.

"Hajawasahau," akasema. "Hana jema la kuandika."

Binti akageuka. "Bibi, wewe ulikuwa unaandika?"

"Nilikuwa napiga simu Ijumaa. Nikiwa na jema."

Tulitazama sehemu tatu usiku ule, hakuna aliyesema kitu tena. Kesho yake asubuhi alikuta binti amehamia Croisée, yuko pale Yune anapofungua mizigo yake. Mama Mkubwa alitazama kwa kusimama, mlango umemshika bega, kapu la sokoni mkononi, mpaka kimono kilipotoka.

"Huyo kijana asikiuze," akasema.

Nikamwambia ameshakiuza.

Akaweka kapu chini, akavuta kiti.